Tuko Wanne

3 Februari

Kifurushi chako kimefika shangazi, ila kondakta alikikalia njia nzima akidhani ni mto. Nimekipokea kimelaliwa mpaka kimekuwa bapa, na joto la mtu bado limo. Loo, nimeanza na kifurushi kabla ya salamu. Shikamoo. Mimi sijambo, kazi ipo, chumba ni kilekile, jirani wa juu bado anaburuta viti kila jioni kama anahama. Baba alipita hapa juzi, hajambo, analalamikia kiuno. Kaniambia nikikuandikia nikudai redio yake. Nikamwambia baba, redio ile ilishakufa. Akasema hata kama imekufa, mwambie dada yangu alete maiti.

Mabegi yote mawili ni mazima. Sikujua kama shuka la hoteli linaweza kuwa begi la mgongoni. Ule mstari wa bluu umeupitisha katikati mpaka linafanana na kitu cha dukani. Langu nimelivaa nikajitazama kwenye kioo cha dirisha, halafu nikalivua haraka maana mtoto wa jirani alikuwa ananiangalia. Lako nimelitundika ukutani juu ya kitanda. Fundi viatu ataongeza ngozi kwenye mikanda, anasema bila ngozi itakukata mabega.

Sasa ile kazi uliyonituma. Nilikwenda ofisi ya njia ya mlimani siku yangu ya mapumziko. Nilisimama nje kwanza, nikasoma tangazo la kupotea kwa mbwa mpaka nikalijua kwa moyo. Nilipoingia mzee wa pale akaniuliza, "Unauza nini, kijana?" Nikasema siuzi, nataka kuzunguka. Akacheka, lakini vizuri, akanifungulia ramani mezani. Njia kubwa yenyewe inapita milima yote mpaka usahau ulikotoka, ile si yetu. Yetu ni kipande kinachojikunja kama hereni. Unaingia getini, unalala banda la kwanza, la pili, la tatu, unatokea getini palepale. Anasema unaweza kuanza kulia au kushoto, mlima ni uleule. Kila banda lina chumba cha vitanda vinne na lazima kujiandikisha mapema. Mimi sijajiandikisha, nangoja useme mwezi. Wewe ndiye uliyeuona mlima kwenye kalenda, mimi nafuata.

Kiwandani waliniona na begi. Dereva wetu, tunamwita Breki kwa sababu anafunga breki hata kwa kivuli, akaniuliza, "Kimya, umefukuzwa nyumba?" Mimi ndiye Kimya. Msimamizi akasikia habari ya mlima akasema na yeye ametamani siku nyingi. Sikuwaambia mengi.

Simu uliyosema nipige, nisamehe, kwenye simu nakuwa bubu kabisa. Huku kwenye karatasi angalau naona ninachosema.

Mtoto wa kaka yako


19 Februari

Marahaba mwanangu, marahaba mara mbili, moja ya kwako na moja ya huyo kondakta, nayo aisikie hukohuko makalioni.

Mwambie baba yako redio ilizikwa kwa heshima zote na yeye hakuja msibani, kwa hiyo asidai urithi. Kiuno apakwe mafuta na mkewe, ndiyo kazi ya mke.

Mimi mzima. Goti linapiga kelele asubuhi, likishapata moto linanyamaza. Kazini mambo shwari. Nafanya mazoezi: nachukua kapu la mashuka mabichi, bado yanachuruzika, napanda nalo ngazi mpaka juu kwenye kamba, nashuka, napanda tena. Mwenzangu wa pasi anakaa chini ananihesabia huku anakula. Jana kanambia, "Dada, kama ni mwanaume unamkimbilia huko juu, mwambie ashuke yeye." Nikamjibu huko juu hakuna mwanaume, ndiyo maana nakwenda.

Mwezi ni Juni. Mvua itakuwa imekwisha. Na tunaanza kulia, mimi sipendi kushoto, kushoto ndiko goti langu liliko. Nilipomwambia mwenzangu wa pasi, siku hiyo tukifika getini mimi na mtoto wangu tunaanza kulia, kaacha pasi, kanishika mkono, "Pole dada, mmefiwa na nani?" Shuka la chumba cha juu likaungua hapohapo.

Unajua kwa nini nataka kwenda, lakini nitasema tena. Miaka yote nimefua mashuka ya watu waliotoka mlimani. Matope yao nayajua kuliko wenyewe: kuna meusi ya chini yanayotoka kwa maji baridi, kuna mekundu ya juu ambayo hata jiki inayaomba radhi. Nimeyafua yote na sijawahi kuyakanyaga. Nataka safari hii nikachafue shuka langu mwenyewe, afue mwingine.

Kwa hiyo andikisha majina yetu. Usiogope watu wa ofisini, hawang'ati. Nilikufundisha kusoma kwa vibandiko vya sabuni na hukuniogopa mimi, utawaogopa wao?

Begi langu litunze. Nitalivaa getini siku hiyohiyo, si kabla.

Shangazi yako


28 Machi

Shikamoo shangazi. Nimechelewa, najua. Barua ya kwanza niliandika ikakaa kwenye mfuko wa koti, koti likaingia kwenye maji, karatasi ikawa uji. Hii ni ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa ndefu zaidi.

Huku wote hawajambo. Baba kiuno kimepoa, sasa ni jino. Nimemfikishia habari ya mazishi ya redio, akacheka mpaka akashika shavu. Kiwandani kazi imekuwa nyingi, tumepata oda ya magodoro ya bweni la shule, vumbi la sponji linaniingia masikioni, nikilala naona vipande vya njano vinashuka. Mkaguzi wetu ni dada mmoja, anapapasa kila godoro kwa viganja akitafuta mahali sponji ilipopasuka, haangalii, anapapasa tu na kutazama ukuta. Siku hizi anakula mchana meza yetu. Mimi pia nakula hapo. Zamani nilikuwa nakula kwenye marobota.

Ile habari ya mlima. Tumejiandikisha. Tuko wanne. Tunaingia tarehe nne Juni, tunaanza kulia. Msimamizi ndiye aliyekwenda ofisini, mimi sikwenda. Yeye na Breki wamefurahi sana, kila siku wanaongelea viatu. Mkaguzi naye amenunua viatu.

Nilitaka kukwambia kitu kingine lakini mwanga wa hapa umekuwa hafifu, na jirani kaanza viti vyake.

Begi lako lipo.

Mtoto wa kaka yako


10 Aprili

Marahaba mwanangu, marahaba! Umenichelewesha mpaka nikaanza kumuuliza kila kondakta kama amekalia barua.

Wanne! Nimehesabu: wewe, mimi, msimamizi wako, na huyo Breki. Nimefurahi kwamba umepata wenzio. Mara ya mwisho nilipokuja huko ulikuwa unakula umeelekea ukuta, na mimi nikarudi nyumbani na huo ukuta kifuani. Sasa unakula mezani, na kuna mtu anayepapasa magodoro bila kuangalia. Umemtaja mara mbili kwenye ukurasa mmoja shangazi yako akihesabu. Mimi si mtoto. Ila amenunua viatu vya nini kama hayumo nasi? Au anakwenda kivyake? Mwambie aje nasi, tutabanana, mimi nitalala chini, godoro mtaleta, si mko kiwandani?

Sasa sikiliza, na unijibu moja baada ya jingine. Hao wanaume wawili wanajua kwamba ninakoroma? Waambie mapema, mtu asije akashtuka akakimbilia korongoni. Je, mlangoni kuna pazia, maana kuna kubadilisha nguo? Msimamizi anakula nini, nisije nikapika kitu cha kumuudhi bosi wako. Nimeshona vifuko vinne vya chakula, kila mtu na chake. Cha Breki nimekishonea kamba mbili kwa sababu dereva hajui kubeba kitu kwa mikono.

Nina koti zito la zamani, la mgeni mmoja aliyeliacha na hakurudi. Nitakutumia wewe, mimi nina sweta.

Nimepata likizo ndefu, kwa hiyo sina presha ya siku. Nitafika kwako mapema, tarehe moja au mbili, nikufulie hayo mapazia yako kabla ya safari. Yalikuwa meupe, nakumbuka.

Goti ni zima. Ngazi sasa napanda bila kushika ukuta.

Shangazi yako, mtu wa pili kati ya wanne


14 Mei

Shikamoo shangazi. Hatujambo huku. Baba jino wameling'oa.

Nakuandikia kwa haraka. Kule mlimani kuna daraja limekwenda na maji. Njia imefungwa. Sijui watajenga lini, labda mwakani. Kwa hiyo usije tarehe moja, utasumbuka bure na nauli. Tutapanga tena, mlima hauhami.

Vile vifuko usivitume. Na koti pia kaa nalo, kiwanda kimetupatia makoti mazito, huko juu yatatutosha.

Tumbo langu haliko sawa siku mbili hizi, sili vizuri, ndiyo maana barua ni fupi. Si ugonjwa. Litapoa.

Usinikasirikie kwa daraja.

Mtoto wa kaka yako


22 Mei

Marahaba.

Nimefurahi kusikia jino la baba yako limetoka. Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Daraja limekwenda na maji, sawa. Njia imefungwa, sawa. Halafu chini yake makoti, huko juu yatatutosha. Sasa mwanangu, juu wapi? Juu ya magodoro?

Nikatoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Tumejiandikisha. Tuko wanne. Tunaingia tarehe nne. Kila ulipoandika hiyo "tu" ya sisi, mimi nilijitia humo ndani. Hukunidanganya hapo. Mimi ndiye niliyeingia bila hodi, nikavua viatu, nikakaa. Wewe, msimamizi, Breki na binti wa viatu. Hao ndio wanne. Mtoto wa darasa la kwanza angehesabu, mimi nikashona vifuko.

Daraja ndilo ulilonidanganya. Mwenzangu wa pasi kanipigia simu ofisi ya njia ya mlimani. Mzee kauliza daraja gani, huku hatuna mto.

Nisikilize vizuri, sina hasira ya kutupa vyombo. Nina kitu kingine, sijakipatia jina. Na mimi kuna jambo sikukwambia, tusijifanye mmoja ndiye msafi. Likizo yangu haina mwisho. Hoteli imeacha kufua, mashuka yanakwenda kwa kampuni ya mjini yenye mashine kubwa, sisi wote tumeambiwa asanteni. Ilikuwa mwezi wa pili mwishoni. Zile ngazi nilizokwambia mwezi wa nne ni za nyumba ninayopanga, na mashuka ni yangu mwenyewe, nalowesha masafi nipate uzito. Sikusema kwa sababu nilitaka twende kama watu wanaokwenda kutembea. Ungejua, ungenichukua kwa kunionea huruma. Sasa naona hata huruma nisingeipata, kwa hiyo nilijibana bure.

Nimejiandikisha. Peke yangu, kitanda kimoja. Sikufuati wewe, usije ukavimba kichwa. Ninyi mnaanza kulia, mimi naanza kushoto, na nitawaacha mtangulie siku moja tusigongane getini. Lakini njia ni ya kuzunguka, mahali fulani tutapishana, hilo siwezi kulizuia. Tukipishana utaniamkia tu kama unavyomwamkia mama yeyote wa njiani, mimi nitaitikia marahaba baba, nitapita. Sitakuaibisha mbele ya wenzio.

Kwako sifiki. Begi langu kaa nalo, vitu vyangu nitafunga kwenye shuka.

Kula vizuri. Tumbo hilo najua linaumwa nini.

Shangazi yako


6 Juni, banda la pili, asubuhi

Shikamoo shangazi. Hii sitaipeleka posta, nitakupa mkononi. Kwa mdomo haitatoka, unanijua. Nimekaa kwenye benchi la nje, penseli nimeazima kwa mlinzi wa banda, na vidole ni baridi, ndiyo maana mwandiko unatambaa.

Barua yako ya mwisho niliipata. Sikujibu. Nilikaa mara nyingi na karatasi, naandika shikamoo, halafu naona sina haki ya neno la pili. Habari ya kazi yako ndiyo iliyonimaliza. Mimi nilikuwa naumwa tumbo kwa ajili ya begi, wewe ulikuwa unalowesha mashuka masafi. Sasa naeleza vilivyokuwa, sijitetei.

Mwezi wa tatu, mchana, Msimamizi alikuja na karatasi pale nilipokuwa nakula, kwenye marobota. Akasema, "Kimya, njoo mezani, tunaandika watu wa mlima. Mimi, Breki, Mkaguzi. Kitanda kimebaki kimoja, ni chako au una watu wako?" Breki akadakia, "Kimya ana watu? Huyu alitoka kwenye mashine pamoja na sponji." Wakacheka. Mkaguzi hakucheka, alikuwa ananitazama kungoja nitasema nini. Shangazi, pale kiwandani hakuna aliyewahi kuniita mezani. Mimi ndiye wanayemwachia kuzima taa. Nikasema sina. Hilo ndilo neno, sina. Nilidhani nitalirekebisha kesho yake. Kesho yake wakaniwekea kiti.

Halafu Mkaguzi akasema hana begi. Mimi nikamletea lako. Nililitoa ukutani mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha, nikalikunja vizuri. Akauliza, "La nani hili, zuri hivi?" Nikasema la akiba.

Ulipoandika kwamba wewe ni mtu wa pili kati ya wanne, siku hiyo nilitoka nje ya chumba. Nikajibu daraja. Nilitafuta kitu ambacho si mimi, kikaja hicho, hata sikukumbuka kama mlima huu una mto au hauna.

Tumetembea siku mbili. Ni kuzuri, na kila kizuri nilichokiona kilikuwa kinaniuliza uko wapi. Matope ya chini ni meusi kweli. Breki goti limemvimba, jana alikuwa anashuka kinyumenyume kama anaegesha gari.

Jana jioni tulikuwa tunakula, mlinzi akaanza kuongea na mwenzake wa banda la tatu kwa redio ya upepo. Sauti ilitoka, kila mtu anasikia. "Huku nina mama mmoja kaja peke yake, kaanzia kushoto. Kafika kachoka hata hajanywa maji, kasema mapazia yananuka. Kayavua, kayafua yote. Sasa tutalala watu wanatuona." Breki akapaliwa. Akasema, "Ndiyo maana mimi sisafiri na wamama! Angetufua na sisi!" Wote wakacheka. Nikacheka na mimi. Hilo nataka ulijue kutoka kwangu, nilicheka, tena nilicheka kwa sauti kuliko siku zote.

Msimamizi akasema kwa goti la Breki kesho tusizunguke, kuna njia ya mkato hapa nyuma ya banda inashuka mpaka barabarani. Nikajua sitapita banda la tatu. Nikafurahi shangazi. Kifua kilifunguka kabisa, nikaongeza chakula.

Mlinzi akamuuliza mwenzake kama huyo mama ana vifaa. Sauti ikajibu, "Vifaa gani? Kabeba vitu kwenye shuka lenye mstari wa bluu." Mkaguzi alikuwa ameegemea begi. Akalitazama. Halafu akapitisha kiganja juu ya ule mstari, polepole, kama anavyofanya kwenye godoro.

"Kimya," akasema, "la akiba, eti?"

Nikakwangua sahani yangu. Akaniuliza tena, si kwa ukali. "Yule mama ni nani yako?"

"Shangazi yangu. Begi ni lake. Safari hii pia ilikuwa yake, mimi nilitumwa ofisini kuuliza tu."

Msimamizi akawa anatia chumvi kwenye chakula alichokwisha kutia chumvi. Breki akasema, "Sasa mbona hukusema, bwana? Ningejuaje?"

Nikamwambia, "Uliniuliza kama nina watu ukiwa umeshacheka."

Sijawahi kumjibu mtu hivyo. Hata yeye alishtuka, akasema, "Haya, Kimya ana ulimi," lakini hakuna aliyeendelea nalo. Mkaguzi akasimama, akamwaga vitu vyake vyote kitandani, soksi, kitana, kila kitu, akanipa begi likiwa tupu. Hakuniambia neno mpaka tukaenda kulala, na asubuhi hii pia hajaniambia. Nadhani kiti changu mezani kimekwisha. Labda hakijakwisha. Sijui, na nikikaa kulifikiria hilo nitarudi kulekule.

Msimamizi ndiye aliyenifuata hapa kwenye benchi sasa hivi. Ni mtu mzuri, usimchukie. Kasema, "Shuka na sisi. Shangazi yako atafika getini keshokutwa, utamngoja pale ametulia, umweleze taratibu. Ukimtokea huku porini utamshtua." Ni maneno ya akili. Nimeyapenda sana, na kwa jinsi nilivyoyapenda nimejua hayafai.

Mlinzi ameniambia kati yako na mimi kuna mlima wa kokoto. Sisi tunaotoka kulia tungeushuka kwa makalio, lakini anayetoka kushoto anaupanda, na kokoto zinamrudisha. Kasema wengi wanaonasa pale si kwa pumzi, ni kwa magoti. Wewe uliniambia unaanza kulia kwa sababu ya goti. Ukaanza kushoto kwa sababu yangu.

Kwa hiyo nakuja. Nitateremka mpaka nikuone. Sitakuamkia kama mama wa njiani. Nitakupa karatasi hii, nitachukua hilo shuka nihamishie vitu kwenye begi lako, utavaa, au ukikataa kuvaa nitabeba mimi yote mawili. Halafu nitatangulia mbele, nikukanyagie kokoto, usome nyuma yangu ukipumzika. Ukitaka kunisema, nisemee humohumo njiani, mgongo wangu unasikia. Ukitaka kunyamaza mpaka getini, nyamaza. Sikuombi unisamehe leo.

Lazima niondoke sasa. Ukungu umeinuka, lakini si ukungu unaoniondoa. Breki ameshavaa kiatu kimoja, anahangaika na kamba za cha pili. Akimaliza atasema twende, na mimi nikiambiwa twende huwa nakwenda.